Tango Lililozaliwa Kabla ya Mama Yake

Kila neno utakalosoma hapa ni kweli tupu. Mkate unipige, ndivyo tunavyoapa huku, kama naongeza chumvi, na mkate wenyewe nimeushika mkono wa kushoto huku wa kulia ukiandika. Majirani watakuambia, "Huyo Mukash? Huyo hana dogo," kisha watakuletea ile habari ya figili yangu ambayo paka alizalia ndani yake watoto wanne. Hao wana wivu tu. Paka alizaa watatu.

Mtaa wetu uko ukingoni mwa mji wa Karakol, upande wa mlimani, na bustani tatu za mwisho zinakunywa mfereji mmoja: ya kwangu, ya Temirkul na ya dada Kalicha. Temirkul ni wa rika langu. Tulizaliwa mwaka mmoja, kwa hiyo yeye ana ruhusa ya kunitukana nami nina ruhusa ya kumtukana, na hakuna wa kununa. Aliendesha lori miaka arobaini na mpaka leo anatembea kama mtu aliyekaa. Dada Kalicha alikuwa mkunga. Nusu ya mtaa huu aliivuta yeye duniani kwa mikono yake, ndiyo maana hakuna anayembishia. Utambishiaje mtu aliyekuona uchi siku ya kwanza, tena ukilia?

Maji ya mfereji wetu hayatoshi kumwagilia bustani zote kwa pamoja, kwa hiyo yana zamu tatu. Ya jioni ndiyo tamu: jua limekwenda zake, udongo unakunywa taratibu, nawe umekaa juu ya kigogo na bakuli lako la chai. Ya asubuhi inavumilika. Halafu kuna ya alfajiri, saa kumi, wakati maji yametoka kwenye theluji sasa hivi tu na yanauma kama mbwa aliyekatishwa usingizi. Miaka mitatu mfululizo zamu ya alfajiri imepiga kambi nyumbani kwangu. Magoti yameharibika kwa baridi. Kiuno nacho kinalia kama mlango wa ghala.

Zamu hugawanywa Jumamosi ya kwanza ya Juni. Siku hiyo sisi watatu tunapanda mlimani mpaka pale mfereji unapoachana na mto, chini kidogo ya theluji, na hukohuko tunakata shauri. Kanuni ni moja. Atakayefika na tango la kwanza la bustani yake huchagua zamu aitakayo mpaka vuli. Kama hakuna mwenye tango, tunarusha vifundo vya mguu wa kondoo, vile vifupa vya kuchezea, na bahati inaamua. Mimi vifundo vya kondoo vinanichukia. Sijui nilimkosea nini kondoo.

Basi mwaka huu nikasema, liwalo na liwe, tango nitakuwa nalo. Nilipanda mapema ndani ya banda la nailoni, juu ya samadi ya farasi iliyokuwa bado inafuka mvuke. Miche ikatoka minene, yenye kiburi, nikawa naipita asubuhi na kuisalimia. Kisha ikaja ile tarehe ishirini ya Mei, umande ukaganda. Mtu mwenye akili zake alifunika miche yake jioni ileile. Mimi nilikuwa kwa fundi viatu nacheza chesi, na nilikuwa nashinda. Kulipokucha miche yote ilikuwa imelala chini kama tambi. Mke wangu Bubusara akasimama mlangoni mwa banda, akaitazama, akanitazama, akasema neno moja tu:

"Chesi."

Nikapanda mbegu nyingine mwisho wa mwezi, lakini hakuna mbegu inayozaa kwa siku kumi, hata ukiibembeleza. Hapa naomba tuelewane, mimi nawe unayesoma. Kudanganya ni jambo moja. Kulisaidia tango lifike linakotakiwa ni jambo lingine. Siku ya Ijumaa nilipita sokoni. Sikuchukua yale marefu, laini, yanayong'aa. Yale hata mtoto anajua yametoka kwenye mabanda ya kupashwa moto huko bondeni. Nilitafuta moja dogo, fupi, lenye vichunusi, na ua lake lililokauka bado limening'inia puani. Nikalifikisha nyumbani, nikalipaka udongo wa bustani yangu. Udongo ulikuwa wangu, hapo hakuna wa kunishtaki. Nikaliviringisha ndani ya kofia yangu nyeupe ya sufi na sikumwambia mtu, hata Bubusara. Hasa Bubusara.

Jumamosi tukaondoka mapema, kila mtu na fimbo yake na kifurushi chake. Dada Kalicha alitangulia. Ana miaka sabini na moja, na anapanda mlima huku anafuma soksi, sindano zinakwenda kwa mwendo wa miguu. Njia inapita kwanza kati ya misonobari, penye kivuli na harufu ya utomvu, halafu inatoka uwandani ambako majani yanafika kiunoni na maua ya njano yamejaa mpaka unaona aibu kuyakanyaga. Juu kwenye mawe wale panya wanene wa mlimani walisimama wima kama askari wa barabarani, wakatupigia mbinja.

"Wanakusalimia, Mukash," Temirkul akasema. "Wamekutambua kwa tumbo."

"Wanauliza nani kaleta lori huku juu bila kibali."

"Nyamazeni mhifadhi pumzi," akasema dada Kalicha bila kugeuka. "Nikiwabeba, nambeba mmoja tu, na sitasema nani."

Tulipumzika mara mbili. Mara ya pili tulikaa juu ya mwamba ulioshika jua, tukamenya mayai, na mji ukawa chini yetu, mabati yake yakimetameta, na mbali kabisa utepe wa ziwa, wa buluu kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba. Mimi nilikuwa nalisikia tango ndani ya kifurushi. Usinicheke. Ukiwa umebeba siri, siri ina uzito.

Saa tano hivi tukafika kwenye maji. Pale mto unapita kwa kelele, mweupe, na mkono mmoja mwembamba unajitenga kimyakimya kati ya mawe, unaanza safari ya kuja kwetu. Temirkul akatoa mawe mawili yaliyoziba, dada Kalicha akatoa mkate, akaumega, kila mtu akaonja, tukapitisha viganja usoni kushukuru. Kisha Temirkul akatoa mfuko wa vifundo.

"Rudisha mfuko," nikasema. "Toeni korumduk kwanza."

Sasa, korumduk kwetu ni deni la macho. Huwezi kuona kitu kipya bure: mtoto mchanga, bibi harusi, hata ng'ombe aliyenunuliwa jana. Ukitazama mara ya kwanza, unatoa chochote ulicho nacho, ndipo unatazama kwa raha.

Temirkul akaacha kutafuna. "Korumduk ya nini? Umeoa mke wa pili?"

"Nimepata mtoto."

Nikafungua kofia taratibu, pembe moja, nyingine. Tango lile lilikuwa limelala pale kijani kibichi, na udongo wake, na ua lake puani. Naapa lilipendeza.

Dada Kalicha akaweka sindano chini. Akalichukua kwa mikono miwili, akalipima uzito, akaligeuza kichwa chini miguu juu, akalipiga kofi dogo.

"Halilii," akasema.

"Ni mpole, amefuata upande wa mama."

"Limezaliwa lini?"

"Jumatatu."

"Leo Jumamosi. Mtoto wa siku tano umemtoa nje, ukampandisha mlimani kwenye theluji? Arobaini ziko wapi, mzee? Huna adabu! Hata kofia hukumvalisha."

"Kofiani ndimo alimolala, dada."

Temirkul hakucheka. Dereva wa lori hajifunzi kuamini, hujifunza kukagua. "Baridi ya Mei iliua miche yangu yote," akasema. "Ya dada imepona kwa sababu alifunika, na hata hivyo sasa ndiyo kwanza ina maua. Yako imeponaje?"

Hapa nilitakiwa kujibu kwa maneno mawili. Lakini mimi nikiulizwa swali zuri siwezi kulidhulumu.

"Niliifunika kwa zulia la sufi la marehemu mama," nikasema, "na bado nikaona baridi inapenya, nikajilaza katikati ya miche nikawa jiko. Nilipoamka, ukono mmoja wa mche ulikuwa umenifunga kifundo cha mguu. Ningeukata? Sikuthubutu. Nilikaa pale mchana kutwa, Bubusara akanilisha kwa kijiko. Na tango hili lilipoanza kunenepa, lilinenepa kwa sauti. Nililipima kwa mshipi, tundu la kwanza. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, tundu la tatu! Mpaka mbwa wangu akawa analibwekea."

"Mbwa wako alikufa mwaka juzi," akasema Temirkul.

"Kumbe unaelewa kwa nini nilishtuka."

Dada Kalicha akacheka mpaka akashika mbavu, na mkunga akicheka kesi imekwisha. Temirkul akatoa kisu chake cha kukunja, kizuri, cha mpini wa pembe, akakiweka kwenye kofia. Dada Kalicha akakata uzi kwa meno, akaweka jozi ya soksi alizomaliza njiani, nene, za kijivu. Nikatangaza: mimi nachukua jioni.

Wao wawili wakarusha vifundo kugombea zamu zilizobaki. Vya Temirkul vikasimama vizuri. Vya dada Kalicha vikalala chali.

"Haya," akasema, akiviokota. "Alfajiri. Watoto nao hupenda kuja saa hiyohiyo. Nimeshazoea."

Alisema hivyo tu, kisha akachukua kile kisu changu kipya na kuligawa tango vipande vitatu. Lilikuwa na maji mengi na ladha ndogo. Nilikitafuna kipande changu muda mrefu. Nilimwona amevua viatu, ameloweka miguu yake kwenye maji yale yale ya theluji, vidole vimekuwa vyekundu kama figili, naye anavichezesha na kuimba chini kwa chini. Nikasema moyoni, Mukash, sema sasa. Nikafungua mdomo. Ukatoka mwayo.

Tukaanza kuteremka. Ndipo Temirkul akasema:

"Tukifika tupite kwako tumwone mama."

"Mama gani?"

"Mama wa tango. Mtoto tumemwona, tumelipa. Mama naye apelekewe supu."

"Mzazi yuko ndani ya arobaini," nikasema haraka. "Haonwi na wageni. Jicho la watu!"

"Mgeni ni yeye huyo," akasema dada Kalicha, akimwonyesha Temirkul kwa sindano. "Mimi ni mkunga. Mkunga ndiye anayeingia."

Kuanzia hapo nilikuwa mtu wa kwanza duniani kuteremka mlima polepole kuliko alivyoupanda. Nilifunga kamba za viatu mara sita. Nilitaka tuchume mboga ya mawe, ile yenye mashina machachu, tukachuma, vifurushi vikajaa, hata mashina yenyewe yakaisha. Nikaomba tukae tusikilize ndege. Temirkul akasikiliza, akasema, "Anasema twende." Mpango wangu ulikuwa huu: nikifika langoni nitawaomba wasubiri, nitaingia bandani na kufunga kwa kufuli, halafu nitatangaza kwamba mzazi ana homa. Si mpango mbaya. Nimewahi kufanikiwa kwa mpango mbaya zaidi.

Tulipokata kona kuingia mtaani kwetu, lango likafunguka kabla sijaligusa. Bubusara akatoka mbio, mikono imejaa udongo mpaka viwikoni, uso unawaka kwa furaha.

"Suyunchu, mzee! Suyunchu!"

Ndugu msomaji, hakuna mtu wa huku anayeweza kulisikia neno hilo akabaki na akili zake. Anayekuletea habari njema hupaza sauti suyunchu, nawe unaahidi zawadi kabla hujaijua habari yenyewe. Ndivyo alivyofanya babu, ndivyo unavyofanya ulimi wako bila kukuuliza. Nikafikiri binti yetu wa Bishkek kajifungua. Nikafikiri fundi viatu kakubali kwamba nilimshinda.

"Utapata!" nikapiga kelele mbele ya mashahidi wawili. "Chochote utakacho! Sema!"

"Matango yako!" akasema Bubusara. "Zile mbegu ulizopanda tena baada ya baridi kuua yote! Zimeota leo! Zote, mstari mzima, vijani viwili viwili kama masikio ya punda!"

Maji kwenye mfereji yalisikika yakipita.

Dada Kalicha akampita Bubusara, akafungua banda, akainama, akatazama. Akakaa hivyo kitambo. Aliporudi alikuwa na sauti ya hospitali.

"Nimezalisha miaka thelathini na minne," akasema. "Nimetoa mapacha, nimetoa waliotanguliza miguu. Mtoto aliyezaliwa siku tano kabla ya mama yake, huyu ni wa kwanza."

"Zulia la marehemu mama," akasema Temirkul polepole, akihesabu kwa vidole. "Ukono mguuni. Kijiko."

"Kijiko gani?" akauliza Bubusara.

Temirkul akamsimulia yote, bila kuacha hata mbwa. Alipofika kwenye tundu la tatu la mshipi, Bubusara alikuwa amekaa kwenye benchi la langoni, ameziba mdomo kwa kitambaa cha kichwani. Nikadhani anacheka. Alikuwa anacheka, lakini alipoondoa kitambaa hakuwa anacheka tu.

"Kwa hiyo ulitaka jioni," akasema, "kwa sababu alfajiri imekuchosha."

"Magoti, mama watoto..."

"Magoti ya nani?"

Nikainama kufunga kamba za viatu mara ya saba.

"Magoti ya nani, Mukash? Waambie marafiki zako. Miaka mitatu saa kumi, nani anavaa viatu vya mpira? Nani anafungua ubao wa mfereji? Wewe ukiamka chai iko mezani na bustani imeshalowa, unatoka na kusema, 'Leo tumemwagilia vizuri.'"

Ukirudi juu usome, utaona nimeandika magoti tu. Sikutaja mwenye magoti. Mkate ule nimeushika bado na haujanipiga, ila sasa hivi umekuwa mzito kidogo.

"Wewe!" akasema Temirkul, na hilo ndilo tusi kubwa kuliko yote aliyonipa katika miaka sitini, kwa sababu hakuongeza kitu.

Nikatoa kisu mfukoni nikamrudishia. Nikatoa soksi. Dada Kalicha akanisukuma mkono.

"Baki nazo. Unakokwenda kuna baridi."

Nikamwambia achukue zamu ya jioni, yeye, na Temirkul abaki na asubuhi yake, kwamba hata bila vifundo mimi najua alfajiri ni yangu. Akakubali bila kunibembeleza, akasema matango yake yatakuwa tayari baada ya wiki mbili, niletewe moja nijue linavyoonekana. Wakaenda zao. Nilimsikia Temirkul akianza kucheka walipofika kona. Alicheka mpaka nyumbani kwake, na mlango ulipofungwa nikaendelea kumsikia.

Bubusara alikuwa bado benchini. Nikakaa karibu naye, si karibu sana.

"Suyunchu yangu," akasema.

"Sema. Kitambaa cha hariri? Twende kwa dada yako ziwani, tukae wiki? Hata mbili."

"Usingizi," akasema. "Nataka kulala mpaka jua liingie dirishani, kila siku, kuanzia Jumatatu mpaka majani yadondoke. Na usiniamshe kuniuliza viatu viko wapi. Viko nyuma ya mlango. Havijahama miaka mitatu."

Niliahidi mbele ya mashahidi. Chochote utakacho, ndivyo nilivyosema.

Jumatatu saa kumi nikatoka. Viatu vya mpira vilikuwa nyuma ya mlango, saizi ya Bubusara, nikavirudisha, nikaenda peku. Nikanyanyua ubao wa mfereji. Kwanza ilikuja sauti, kama mtu anayefagia mbali, halafu maji yenyewe yakaingia yakisukuma majani makavu mbele yake, yakanishika vifundoni, na nikasema neno ambalo siwezi kuliandika nikiwa na mkate mkononi. Nikayaongoza kwa jembe hadi mlangoni mwa banda, mstari wa kwanza, polepole, yasiing'oe ile miche yenye vijani viwili viwili. Huko juu theluji ilianza kupata rangi ya waridi. Dirisha la chumbani lilikuwa wazi. Bubusara alikuwa anakoroma.

Nikahamia mstari wa pili.